Pesa za amani za vijana zinaishia wapi? (Goma, Bukavu, Lubumbashi, njooni tusemezane)

Chukudu1 (Goma)
Habari za humu. Naenda moja kwa moja.

Kila mwaka naona matangazo: mfuko wa vijana na amani, mfuko wa mazungumzo kati ya tamaduni, ruzuku kwa makundi yanayoongozwa na vijana. Sisi wa Mabanga, mtaa wa hapa Goma, tunajaza fomu, tunatuma, kimya. Au linakuja jibu la kutushukuru kwa hamu tuliyoonyesha. Halafu ile ile proje unaikuta kwenye hoteli ya kando ya ziwa, imeletwa na shirika ambalo mkubwa wake ana watoto chuo kikuu, na vijana wamo kwenye picha tu.

Dai langu ni hili, mnipinge: hizi pesa hazikuwekwa ziwafikie vijana. Ziliwekwa ili mtu fulani aandike kwamba amezitoa. Kuna mtu humu aliyewahi kupata bila kupitia mgongoni mwa shirika kubwa? Aseme alipataje.

Kadutu_Kwetu (Bukavu)
Yaya, uko na haki nusu. Sisi huku Kadutu tulipata. Kidogo, lakini tulipata. Ilitoka Ulaya, ikapita Kinshasa, ikapita kwenye biro yao ya Bukavu, na kila mahali ilipolala iliamka imepungua. Kwenye karatasi ya mwisho tuliitwa "walengwa". Wakati ile fikra ilikuwa ya kwetu toka mwanzo!

Kalamu_na_Bajeti (Bukavu)
Chukudu1, dai lako ni tamu lakini unachanganya mifuko. Tuitenganishe.

Kuna mifuko midogo ambayo kweli ni ya makundi ya vijana moja kwa moja. Mfano ni Mfuko wa Mshikamano wa Vijana wa UNAOC, ule Muungano wa Ustaarabu wa Umoja wa Mataifa ulioanzishwa mwaka 2005 kwa wazo la Hispania na Uturuki. Mfuko wenyewe ulianza 2008, unatoa hadi dola 25,000, na unataka shirika liongozwe na vijana wa miaka 18 hadi 35 na liwe limesajiliwa. Kazi yake ni hayo mazungumzo ya tamaduni na dini unayoyasema. Hapo hakuna shirika kubwa katikati. Shida ni kwamba dunia nzima inaomba, na wanaochaguliwa ni wachache sana.

Halafu kuna Mfuko wa Ujenzi wa Amani wa Umoja wa Mataifa, wa tangu 2006. Huo una mwito wake wa vijana na wanawake, lakini ni pesa kubwa, na shirika la kiraia likitaka kupokea moja kwa moja linaulizwa ukaguzi wa hesabu, linaulizwa kama lilishawahi kupokea fedha za Umoja wa Mataifa, na bajeti yake ya mwaka kwa miaka miwili iliyopita iwe angalau mara mbili ya kile linachoomba kwa mwaka. Hapo ndipo kundi la Mabanga linapobaki nje.

Kwa hiyo ukisema "hazikuwekwa zitufikie", ni mfuko upi unaousema?

Chukudu1 (Goma)
Ule unaotaka mara mbili! Umenijibia mwenyewe.

Dada_wa_Ibanda (Bukavu)
Hiyo hesabu ya mara mbili muiweke kando ya hii nyingine. Mwaka 2017 UNOY, mtandao wa dunia wa vijana wajenzi wa amani, pamoja na shirika la Search for Common Ground walitoa utafiti kuhusu mashirika ya vijana yanayojenga amani. Waliuliza mashirika 399 duniani. Asilimia 49 yalikuwa yanaendeshwa kwa chini ya dola 5,000 kwa mwaka. Yaliyovuka dola 100,000 yalikuwa asilimia 11 tu. Na wafanyakazi wao, kwa wastani asilimia 97, ni watu wa kujitolea.

Sasa chukua kundi la dola 5,000. Kwa kanuni ya mara mbili linaruhusiwa kuomba 2,500. Ni mfadhili gani wa ngazi hiyo anayefungua faili kwa ajili ya dola 2,500? Gharama ya kulisoma ombi inazidi ombi lenyewe. Hakuna mtu mbaya katikati, hesabu ndiyo inayofunga mlango.

Mzee_wa_Majengo (Goma)
Wanangu, salamu. Mnalia kwamba pesa haziji. Mimi nililia zilipokuja.

Barza la jamii zote za Kivu Kaskazini liliundwa mwaka 1998. Wakubwa wa kila kabila walikaa meza moja, wakasuluhisha mambo mengi ya mashamba na ya ndoa bila bajeti ya kuandika popote. Likaja kufa siasa zilipoingia. Halafu Januari 2008 tukawa na ile konferensi kubwa ya amani hapa Goma, watu zaidi ya elfu moja, wiki mbili na zaidi. Hati ya ahadi ikasainiwa tarehe 23. Kufika Oktoba mwaka ule ule vita viko mlangoni mwa mji. Ndani ya ile konferensi watu waliuliza kuhusu perdiemu, ile posho ya siku, kuliko walivyouliza kuhusu amani. Mimi nilikuwepo, msinibishie.

Pesa ikiingia kwenye mazungumzo, anakuja mtu wa pesa. Yule mwenye ugomvi wa kweli anabaki shambani kwake na panga lake.

Kadutu_Kwetu (Bukavu)
Mzee, kwa heshima yote: lile barza lilikuwa la wakubwa. Kijana alikaa wapi? Nje, akilinda viatu.

Mzee_wa_Majengo (Goma)
Na viatu havikuibwa. Leo je?

Chukudu1 (Goma)
😂😂 Mzee ameshinda hiyo.

Mwana_Katuba (Lubumbashi)
Jambo benu. Siye huku Lubumbashi banatusahau kabisa. Kila mwito unaandikwa "mashariki ya Kongo", na mashariki yenyewe inaishia Uvira. Huku hakuna masasi kila siku, basi hakuna feza. Lakini mambo ya Katanga na Kasai ni ya lini? Mwaka 1992 na 1993 watu wa Kasai walifukuzwa kwenye nyumba zao huku Katanga, wakalala kwenye stasio ya Likasi wakingoja treni, batoto bakafa pale. Leo vijana wanakuja kutoka Kasai kwa treni na kwa malori, wanaendesha moto (pikipiki), wanauza mkaa, na maneno yale ya zamani yanarudi kwenye midomo ya watu ambao hata hawakuwa wamezaliwa. Je, tungoje mpaka stasio ijae tena ndipo tuitwe eneo la vita?

Nani anatoa feza ya kuzuia? Wote banatoa ya kuzima moto.

Dada_wa_Ibanda (Bukavu)
Mwana_Katuba, hapo umegusa. Azimio 2250 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kuhusu vijana na amani, lile la Desemba 2015 ambalo Yordani ililisukuma, lina nguzo tano: ushiriki, ulinzi, kinga, ushirikiano, na kuwarudisha waliotoka kwenye silaha. Kinga imo humo kwa maandishi. Lakini kinga haina picha. Utampelekea nini mfadhili, picha ya vita ambayo haikutokea?

Mwana_Katuba (Lubumbashi)
Nitamupelekea picha ya mushabiki wa Mazembe na wa Lupopo wakikunywa chupa moja. Timu zote mbili za mupira ni za 1939, na mpaka leo hakuna mufadhili amejaribu yale mazungumzo.

Shabiki_Kamalondo (Lubumbashi)
Hayo hayawezekani hata kwa milioni ya dola. Endeleeni na amani ya kawaida.

Motari_msomi (Goma)
Mimi nataka kujua kuhusu umri. Nina miaka 32. Kwenye fomu moja niliandikiwa nimepita, kwenye nyingine mimi bado kijana. Nani anaamua?

Kalamu_na_Bajeti (Bukavu)
Anaamua anayetoa pesa. Azimio 2250 linasema 18 hadi 29. Mkataba wa Afrika wa Vijana, uliopitishwa Banjul mwaka 2006, unasema 15 hadi 35. UNAOC wanatumia 18 hadi 35. Kwa hiyo soma tangazo kabla hujaandika hata jina. Na angalieni, wengi wanauliza umri wa *viongozi* wa shirika. Ukiweka vijana kwenye ukumbi na komite yote ina mvi, umeanguka.

Kadutu_Kwetu (Bukavu)
Kuna shirika moja hapa Bukavu, silitaji, lilimpa ukatibu mkuu binti wa miaka 24 kwa sababu ya fomu. Yule dada hajui hata banki yao iko wapi. Akiitwa kwenye mahojiano ya mtandao anakalishwa katikati, na "mshauri" amekaa pembeni ya kamera anamnong'oneza. Hilo ndilo "linaloongozwa na vijana" linaloshinda kila mara. Mimi nasema tatizo kubwa si mfadhili, ni sisi kwa sisi.

Neema_wa_Bagira (Bukavu)
Naunga mkono. Tuseme ukweli, kwenye kartie (mtaa) moja unakuta asbl nne, yaani mashirika yasiyo ya faida, na zote nne ni mtu mmoja, mke wake, shemeji na muhuri. Sheria inataka wanachama wasiopungua saba, basi wanahesabiwa hadi watoto wa dada. Mfadhili akija kutembelea, biro inafunguliwa siku hiyo, na kibao kimepakwa rangi usiku.

Chukudu1 (Goma)
Neema, na nani aliwafundisha hivyo? Mfadhili anataka biro, kibao, muhuri, mhasibu. Kundi letu lilikuwa vijana wa kweli, tulikutana chini ya mti nyuma ya kanisa. Tukaambiwa mti hauna anwani. Tukakodi chumba. Kodi ya chumba ikatushinda, wakabaki wawili wenye uwezo wa kulipa, na hao wawili leo ndio shirika. Umeona jinsi "mtu mmoja na muhuri" anavyozaliwa?

Neema_wa_Bagira (Bukavu)
Wengine walizaliwa hivyo bila mfadhili, kaka.

Tumaini_L (Goma)
Samahani, swali la mgeni. Tuna kundi la vijana wa jamii mbalimbali, tunafanya maigizo. Bila hati ya Waziri wa Sheria huwezi kuomba popote, ndiyo? Nimeambiwa inachukua miaka na inabidi kwenda Kinshasa.

Motari_msomi (Goma)
Ndiyo. Bila hiyo hati hakuna kitu. Sahau.

Kalamu_na_Bajeti (Bukavu)
Motari, taratibu, usimvunje moyo kijana. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inampa gavana wa mkoa uwezo wa kutoa ruhusa ya muda ya kufanya kazi, ya miezi sita, wakati faili lako linasubiri Kinshasa. Kwanza andika katiba na kanuni za ndani, zipite kwa notari, ombi liende kwa Waziri wa Sheria kupitia kitengo cha sheria cha mkoa, upate na maoni ya wizara inayohusika na kazi yako. Ile karatasi ya F92 ambayo watu huitaja ni ya kuonyesha kwamba umeandikishwa kwenye wizara, si hati ya waziri yenyewe. Wafadhili wengi wadogo wanakubali F92 pamoja na ruhusa ya gavana. Wengine hawakubali. Uliza kabla.

Na msilipe mtu wa kati anayesema ana ndugu wizarani.

Tumaini_L (Goma)
Aksanti sana. Ndugu wa wizarani tulishampata, alikuwa ameanza kututajia bei.

Kadutu_Kwetu (Bukavu)
Na kwa zile za Marekani ukumbuke namba ya DUNS, ile ya kuandikishwa. Bila hiyo mfumo haukufungulii.

Kalamu_na_Bajeti (Bukavu)
DUNS iliondolewa Aprili 2022. Sasa ni UEI, herufi na tarakimu 12, inatolewa kwenye tovuti ya SAM.gov, bure.

Kadutu_Kwetu (Bukavu)
UEI basi. Jina limebadilika, kungoja hakukubadilika. Anwani ya kwetu ni "nyuma ya soko, karibu na bomba", mfumo unataka namba ya mtaa.

Papa_Gloire (Goma)
Mnabishana juu ya mlango wakati nyumba imebomolewa. Tarehe 20 Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa amri ya rais, na kufika tarehe 1 Julai USAID, shirika lao la misaada, ilikuwa imekwisha kama shirika, kilichobaki kikaingizwa wizara ya mambo ya nje. Taasisi yao ya Amani nayo ikaguswa mwezi wa tatu mwaka ule ule. Nusu ya proje mlizokuwa mnaziona hapa mjini zilikuwa zinakunywa kwenye kisima hicho hata kama kibao kilikuwa cha mwingine. Ndiyo sababu hampati. Nyingine zote ni maneno.

Dada_wa_Ibanda (Bukavu)
Papa, nakubali kwamba 2025 ilikata. Lakini kimya anachokisema Chukudu1 ni cha kabla ya 2025. Ule utafiti niliotaja ni wa 2017, Marekani ilikuwa bado inatoa, na nusu ya makundi yalikuwa na chini ya dola 5,000. Kilichopungua ni pesa za wale wa juu. Sisi wa chini tulikuwa kavu tangu zamani.

Papa_Gloire (Goma)
Wa juu akikauka anashuka kugombea kile kidogo cha wa chini. Subiri uone nani ataomba hizo dola 25,000 sasa. Mashirika yenye magari manne yataunda "tawi la vijana".

Neema_wa_Bagira (Bukavu)
Yameshaanza.

Motari_msomi (Goma)
Na hata ukipata, itaingiaje? Mwaka 2025 benki za Goma zilipofungwa, kuna kundi la marafiki zangu lilikuwa na pesa kwenye akaunti, halali kabisa, mkataba umesainiwa, na haikuweza kutoka. Mfadhili anaandika "tafadhali thibitisheni matumizi ya robo ya kwanza". Matumizi gani? Wengine wakahama kwa pesa ya simu, Airtel Money na M-Pesa, na hapo kiwango cha juu cha kutuma kinakubana, makato yanakula, halafu mkaguzi anauliza kwa nini pesa ya shirika imepita kwenye simu ya mtu binafsi. Wengine walivuka Gisenyi, upande wa Rwanda. Sasa jieleze: wewe wa mazungumzo ya amani, pesa yako inatoka ng'ambo ya mpaka, na majirani wanakuangalia. Kuna watu wameitwa majina mabaya kwa sababu tu ya kutafuta benki iliyo wazi.

Msimamizi
Tafadhali, mambo ya nani anashikilia wapi na kabila la nani tuyaache nje ya uzi huu. Machapisho mawili nimeyafuta. Endeleeni na mada.

Mhasibu_wa_kujitolea (Goma)
Nasoma tangu asubuhi, sasa niongeze la kwangu, ni refu, mnisamehe.

Nimeshika vitabu vya makundi kadhaa ya vijana hapa Goma. Mnazungumza sana kuhusu kupata. Mimi nimeona zaidi yanayotokea *baada* ya kupata, na ndipo wengi wanapokufa. Pesa haiji yote. Inakuja awamu ya kwanza, unatumia, unaandika raporo, inakubaliwa, ndipo ya pili. Raporo inakubaliwa ikiwa kila matumizi yana karatasi. Karatasi yenye jina, tarehe, kiasi, saini, na ikiwezekana muhuri na namba ya kodi.

Sasa tembea na mimi kwenye matumizi ya mazungumzo ya siku moja Ndosho. Vijana thelathini wanatoka kartie mbalimbali, wanakuja kwa moto. Motari, yule dereva wa pikipiki, hana risiti. Chakula: mama wa pale jirani anapika vizuri, bei nzuri, na yeye mwenyewe ni mkimbizi wa ndani ambaye watoto wake wamo kwenye mazungumzo. Hana muhuri. Viti: vya kanisa, katekista anapokea pesa mkononi. Maji: binti anauza kwa pakiti. Kwa kila mmoja wa hawa unaweza kuandika hati ya kukiri kupokea, yeye anasaini au anaweka dole gumba, na kuna wafadhili wanaikubali mpaka kiasi fulani. Wengine wanakataa katakata. Wakikataa, utafanya nini? Utahama. Utakwenda pale penye muhuri: ukumbi wa hoteli, chakula cha hoteli, gari la kukodi lenye faktura (ankara). Bei mara tatu. Ile hoteli ya kando ya ziwa aliyoitaja Chukudu1 pale juu, wengine walifika pale kwa sababu ya faktura, hata kama hawakuipenda.

Kwa hiyo pesa iliyotoka mbali kwa ajili ya vijana wa Ndosho inaishia kwa mwenye hoteli, na mama aliyekuwa apike anabaki na sufuria yake. Halafu mtu wa tathmini anauliza kwa nini jamii "haikumiliki" mradi.

Nimewahi kuona kundi zuri, la vijana wenye akili na moyo, limenyimwa awamu ya pili kwa ajili ya risiti za moto. Jumla ya risiti zenyewe haikufika dola mia mbili. Lilivunjika. Mweka hazina alituhumiwa na wenzake kwamba amekula. Hakula. Na wale vijana walikuwa wa makabila matatu tofauti, urafiki wao ndio ulikuwa mradi wenyewe.

Ushauri wangu wa kazi: kabla ya kusaini, omba kwa maandishi kipengele kinachokubali hati za kukiri kupokea kwa usafiri na chakula. Wengi wanakubali ukiomba mapema. Ukiomba baadaye, umechelewa.

Chukudu1 (Goma)
Mhasibu, heshima. Hii mimi sikuwa nimeiona kabisa upande huo.

Mzee_wa_Majengo (Goma)
Sisi tulikuwa tunakaa chini, hakuna kiti cha kukodi.

Kadutu_Kwetu (Bukavu)
Mzee! 😂

Mwana_Katuba (Lubumbashi)
Papa muhasibu ameeleza njo vile iko. Huku kwetu hata tisheti. Mufadhili alitaka tisheti za rangi yake, zimeandikwa amani kifuani, zinunuliwe kwa muuzaji wa mjini mwenye faktura. Zilikula feza kuliko mazungumzo. Leo unakuta mutu amevaa amani anapigana kwenye stasio ya taksi.

Shabiki_Kamalondo (Lubumbashi)
Mimi ninayo. Naivaa nikiosha gari.

Neema_wa_Bagira (Bukavu)
Ngoja niseme jambo ambalo halitapendwa. Kazi bora ya kuunganisha vijana niliyoiona Bukavu haikuwa na mfadhili. Mvua ilipobomoa nyumba upande wetu, vijana wa huku na wa bondeni, ambao hawasalimiani kwa mambo ya zamani, walifanya salongo, kazi ya pamoja ya kujitolea, kufukua mitaro. Siku kadhaa. Hakuna aliyewaambia wazungumze. Wakiwa kwenye matope wakazungumza. Baadaye likaja shirika moja, likaona, likasema hii ni nzuri sana tuifadhili. Likaleta perdiemu. Wiki iliyofuata watu mara mbili, kazi nusu. Perdiemu ilipoisha, mtaro ukajaa takataka, na vijana wakanuniana juu ya nani aliandikwa kwenye orodha.

Dada_wa_Ibanda (Bukavu)
Neema, nakuelewa, lakini hadithi hiyo inatumiwa sana na watu wanaotaka vijana wafanye kazi bure milele. Asilimia 97 ni wa kujitolea, nimesema juu. Mshauri anayetumwa kutoka nje kuwafundisha kujitolea analala hotelini na analipwa kwa siku. Kwa nini ni kijana wa Bagira tu ndiye pesa inamharibu?

Neema_wa_Bagira (Bukavu)
Sikusema tusilipwe. Nimesema walivyoileta waliiharibu. Wangenunua makoleo na toroli, wakaziacha kwa kartie.

Dada_wa_Ibanda (Bukavu)
Makoleo hayana kiashiria, kile kipimo cha mfadhili, cha "vijana waliobadilisha mtazamo". Ungeona fomu zao: unamuuliza kijana kabla, "je, ungekubali kuoa kutoka jamii nyingine?", unamuuliza tena baada ya siku tatu za ateliye (warsha). Anajua jibu unalolitaka. Anakupa, anakula, anakwenda.

Papa_Gloire (Goma)
Na mmoja alioa kweli, ukweni hawakujua ilikuwa ni kiashiria.

Mkulima_Masisi (Goma)
Nimesoma yote. Hakuna aliyetaja ardhi. Mimi nimetoka Masisi, sasa niko hapa mjini kwa lazima. Sisi na majirani zetu hatukukosa mazungumzo. Tulikuwa tunazungumza kila siku, sokoni, kanisani, kwenye pombe ya ndizi. Tulichokosa ni jibu la nani ana haki ya kile kilima, mwenye karatasi ya mjini au aliyelima tangu babu. Hakuna mfuko wa vijana na tamaduni unaogusa karatasi ya ardhi. Wanasema hiyo ni ya serikali. Basi wanatufundisha kuvumiliana juu ya kilima ambacho mwingine amekichukua.

Mhasibu_wa_kujitolea (Goma)
Yapo mashirika yanayofanya usuluhishi wa ardhi. Ila ni kweli, siyo kwa mifuko hii ya vijana. Na kijana mwenyewe hana ardhi, ana baba mwenye kesi.

Mkulima_Masisi (Goma)
Na baba akifa anarithi kesi.

Mzee_wa_Majengo (Goma)
Huyu wa Masisi amesema. Barza lilikuwa linaanza na hiyo.

Kadutu_Kwetu (Bukavu)
Na likamalizia na hiyo pia, Mzee, bila kumaliza. Tuwe wa haki.

Msimamizi
Mada ya ardhi ni kubwa, nimeifungulia uzi wake. Hapa turudi kwenye ruzuku.

Tumaini_L (Goma)
Basi mimi bado nina swali la ruzuku. Sisi wa maigizo hatujui Kiingereza, na fomu nyingi ninazoziona ni za Kiingereza, chache za Kifaransa. Tumtumie mtu atuandikie? Kuna kaka anaomba asilimia kumi tukipata.

Kalamu_na_Bajeti (Bukavu)
Usikubali asilimia. Wafadhili wengi hawaruhusu bajeti ya mradi kulipa aliyeandika ombi, na ukiificha itakutokea kwenye ukaguzi. Mlipe bei ya kazi, au mpeni nafasi halisi kwenye kundi. Pia akiandika mtu asiyewajua, ombi lenu litafanana na maombi yake mengine yote. Wasomaji wanayatambua. Andikeni kwanza kwa Kiswahili mnavyosema wenyewe: nani na nani hawaelewani, wapi, tangu lini, igizo linafanya nini hapo. Halafu ndiyo itafsiriwe. Ombi lililojaa "kuimarisha" na "kuwezesha" bila jina la kartie hata moja halisomwi mpaka mwisho.

Dada_wa_Ibanda (Bukavu)
Na balozi. Watu wanasahau balozi. Kanada ina mfuko wake wa mipango midogo ya wenyeji, unapitia ubalozi wa Kinshasa. Hapo shindano ni la nchi, si la dunia.

Chukudu1 (Goma)
Kwa hiyo tumesema nini? Mara mbili ya bajeti, risiti za moto, asbl za shemeji, Marekani, ardhi. Kila mtu ana mwizi wake.

Papa_Gloire (Goma)
Mwizi ni Marekani, nimeshasema.

Neema_wa_Bagira (Bukavu)
Mwizi ni shemeji.

Motari_msomi (Goma)
Nyinyi wahasibu msiseme motari hana risiti. Mimi nimechapisha kitabu cha risiti, kina muhuri. Mkiwa na ateliye niiteni, nawabeba na faktura juu.

Mhasibu_wa_kujitolea (Goma)
Motari, niandikie faraghani leo leo. Sitanii. Nina kundi lina mkutano Jumamosi Kyeshero, watu kama ishirini. Bei ni ile ya kawaida au umeongeza ya muhuri?

Motari_msomi (Goma)
Ya muhuri ni mia tano juu, mkubwa. Wino nao unanunuliwa.